Mwili Wako na Kazi Yako: Kisugudi na Kigasha

Katika miji yetu ya mpakani, Busia na Malaba, riziki hupita mkononi. Karani hupiga mhuri, mpagazi hushusha magunia, mama wa sokoni hupima mahindi kwa gorogoro, na mkulima wa kando ya mji huinua jembe tangu alfajiri. Lakini ni wachache kati yetu wajuao jinsi mkono huo ulivyoundwa. Leo twatazama kisugudi, ambacho wengine hukiita kivi, pamoja na kigasha, yaani sehemu itokayo kisugudini hata kifundo cha mkono.

Kwanza tujue mifupa. Katika mkono wa juu umo mfupa mmoja, na katika kigasha imo miwili iliyolala sambamba. Ule wa upande wa kidole cha mwisho huitwa ulna, na ule wa upande wa kidole gumba huitwa radiasi. Ncha ngumu uigusayo nyuma ya kisugudi ni mwisho wa ulna. Mwisho huo umechongwa kama ndoana, nao huushika mfupa wa juu vile bawaba ishikavyo mlango. Kwa hiyo mkono huweza kukunjwa na kunyoshwa, wala hauendi kando. Tangu kunyoka kabisa hata kukunjika kabisa ni karibu nyuzi 145. Kazi nyingi za kila siku, kama kupeleka tonge kinywani, hutaka zile zilizo kati ya 30 na 130 tu.

Lakini mlango haujigeuzi, na mkono hujigeuza. Jaribu hivi: bana kisugudi ubavuni, kunja mkono, kisha fungua kiganja juu kama mtu apokeaye mbegu. Sasa kigeuze chini kama mtu azimwagaye shambani. Bega halikusaidia, na ulna haikuzunguka. Ni radiasi iliyozunguka na kuvuka juu ya mwenzake. Kichwa chake ni cha mviringo, nacho hushikwa na ukano uliokizunguka kama pete. Kwa watoto wadogo wasiozidi miaka 5 hivi ukano huo haujawa imara, hata mzazi amvutaye mtoto kwa nguvu kwa mkono mmoja huweza kuuteleza kutoka mahali pake. Mtoto hulia, na mkono hukataa kuutumia. Basi, umwinuapo mtoto, mshike kwapani.

Misuli nayo imegawana kazi. Ya mbele ya mkono wa juu hukunja, na ule wa nyuma hunyosha. Msuli mmojawapo wa mbele una kazi ya pili, nayo ni kugeuza kiganja juu, na hufanya hivyo kwa nguvu zaidi kisugudi kikiwa kimekunjwa. Ndiyo sababu fundi wa baiskeli atumiaye mkono wa kulia huona wepesi kukaza parafujo kuliko kuilegeza.

Nguvu za misuli hiyo zilionekana wazi katika Busia. Kwa miaka mingi watu waliopoozwa miguu na polio walivusha bidhaa mpakani kwa baiskeli za magurudumu matatu, ambazo pedali zake huzungushwa kwa mikono. Kila mzunguko ni kuvuta na kusukuma, kukunja na kunyosha. Mtu aliyedhaniwa kuwa mzigo kwa jamaa zake alirudi nyumbani na fedha ya karo ya watoto. Kwa mtu kama huyo, kuumia kisugudi ni kupoteza mkono na mguu pamoja.

Sasa natuje kwenye hatari. Nyuma ya kisugudi, upande wa ndani, hupita mshipa wa fahamu uendao katika kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete. Umelala karibu sana na ngozi, na ndiyo maana ukijigonga hapo huhisi kama umeme. Sisi makarani tuegemeao meza kwa visugudi kutwa nzima huubana, na vidole hivyo vikafa ganzi. Dawa ya kwanza ni kuacha kuegemea.

Lakini ganzi isiyokwisha yataka daktari. Wazee wa Busia wanajua sana jina la Alupe, mahali palipo katika njia iendayo Malaba, ambapo kulikuwa na Kituo cha Utafiti wa Ukoma cha Afrika ya Mashariki. Vijidudu vya ukoma, alivyovigundua Hansen wa Norway mwaka 1873, hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi, na mshipa huu wa kisugudini huwa miongoni mwa ya kwanza kudhuriwa. Huvimba kama kamba, vidole viwili vya mwisho hukunjika, na mkono huungua kwa sufuria pasipo mwenyewe kuhisi. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limeagiza dawa kadhaa zitumiwe pamoja, nazo huponya kwa miezi 6 au 12. Mgonjwa hafukuzwi tena nyumbani. Baka lisilohisi likionekana katika ngozi, nenda mapema, kwa maana dawa huua vijidudu, lakini mshipa uliokwisha kufa haufufuki.

Hatari ya mwisho ni kuvunjika. Boda-boda zilianza Busia katika miaka ya 1960, zikiwa baiskeli za kuwavusha watu kutoka forodha moja hata nyingine. Leo pikipiki zimeshika nafasi hiyo, na maanguko yamekuwa mazito. Aangukaye hutanguliza kiganja, na radiasi huvunjika karibu na kifundo cha mkono. Mtoto huvunjika mara nyingi juu kidogo ya kisugudi. Hapo wengi hukimbilia kufunga vijiti na kukaza sana. Daktari Mjerumani, Volkmann, alionya mwaka 1881 kwamba mkono uliokazwa hivyo hukosa damu. Misuli ya kigasha hufa kwa saa chache tu, na vidole hukunjika daima.

Basi fanya hivi: vua pete na bangili, tegemeza mkono kwa leso iliyofungwa shingoni, funga bila kukaza, kisha enda hospitali upesi. Vidole vikiwa baridi, vikififia rangi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi vinyoshwapo, legeza kitambaa mara moja, wala usingoje asubuhi. Mkono mtupu haulambwi, na mkono uliokauka haujazwi.