Msumeno Usiokata Mafuta

Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Ni wazi hawakuwahi kufika Nigeria.

Januari 2024, serikali ya jimbo la Lagos ilipiga marufuku zile kontena nyeupe za plastiki ya povu za kubebea chakula. Sawa, zilikuwa zinaziba mitaro. Muuza wali wa barabarani akaambiwa atafute kitu kingine, na bei ya hicho kitu kingine ni shauri yake. Mwenye mradi unaoweza kuharibu mazingira naye anatakiwa na sheria ya 1992 afanye tathmini ya athari zake kabla ya kuanza kazi. Halafu kuna NESREA, mamlaka ya mazingira iliyoundwa 2007, yenye kanuni zaidi ya 30: maji taka, moshi, mpaka kelele.

Hapo sina ugomvi. Ugomvi unaanza ukisoma sheria ya NESREA yenyewe. Inapoorodhesha kazi za mamlaka hiyo, kuna maneno yanarudi kama kibwagizo. Kudhibiti taka na kemikali hatari? Isipokuwa sekta ya mafuta na gesi. Kufanya ukaguzi wa mazingira? Isipokuwa sekta ya mafuta na gesi. Ati hii ndiyo nchi iliyotegemea mafuta kwa miongo, na mlinzi wake mkuu wa mazingira ameambiwa asiyaguse.

Wanaotetea watakuambia mafuta yana wasimamizi wake. Kweli, kuna NOSDRA, iliyoundwa 2006 kushughulikia mafuta yanayomwagika. Kampuni isiporipoti ndani ya saa 24, faini ni naira 500,000 kwa kila siku. Isiposafisha, naira milioni 1 zaidi. Kwa kampuni kubwa ya mafuta, hiyo si adhabu, ni pesa ya chai.

Na mkaguzi anafikaje huko kwenye vinamasi? Mwaka 2011, UNEP, hawa hawa wa hapa Gigiri, walichapisha uchunguzi wao kuhusu Ogoniland. Walikuta NOSDRA ikitegemea kampuni za mafuta kwa usafiri wa kwenda kukagua. Yaani mkaguzi anaomba lifti kwa anayemkagua! Uchunguzi huo huo ulikuta watu wa Nisisioken Ogale wakinywa maji ya visima yenye benzini, kemikali inayoleta kansa, zaidi ya mara 900 ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani.

Tuje kwa gesi. Sheria ya 1979 ilisema kuichoma ovyo visimani kukome kufikia Januari 1984, ila waziri angeweza kutoa kibali. Basi vibali vikatoka. Faini ya 1998 ilikuwa naira 10 kwa kila futi za ujazo 1,000, na kufikia 2018 naira 10 hazikufika hata senti 5 za dola. Mwaka huo ndipo wazalishaji wakubwa walipandishiwa hadi dola 2. Wanakijiji wa Iwherekan walikuwa wameshinda kesi tangu 2005, mahakama ikasema moto ule unavunja haki yao ya kuishi. Miali haikuzimika. Mpaka leo Nigeria imo kwenye orodha ya nchi zinazochoma gesi nyingi zaidi duniani.

Kwa hivyo ukisikia mtu anasema shida ya Afrika ni ukosefu wa sheria za mazingira, mwambie akasome tena. Sheria ziko tele. Ziliandikwa kwa uangalifu, na nafasi ya mdosi kupita ikaachwa humo ndani kwa uangalifu vilevile.

Nasi tunaelekea huko. Agosti 2019 tulisafirisha mafuta yetu ya kwanza ya Turkana kupitia Mombasa. Miaka 2 kabla, tulikuwa tumetishiwa faini ya hadi milioni 4 au jela hadi miaka 4 kwa mfuko wa plastiki, na tukatii. Sijutii mifuko. Ila nataka ukali ule ule Lokichar, faini inayouma, na maneno "isipokuwa mafuta na gesi" yasionekane popote. Na mkaguzi aende na gari lake mwenyewe.