Pesa ya wakili haitumwi kwa namba ya karani

Mtu ametuma elfu thelathini kwa wakili amshughulikie kesi ya urithi wa shamba la babake. Miezi sita imepita, wakili hashiki simu, na meseji zina tiki mbili za buluu bila jibu. Basi mtu huyo anapiga huduma kwa wateja na kusema: rudisheni pesa yangu.

Haitarudi kwa njia hiyo, na ni afadhali uambiwe mapema. Kurudisha muamala ni kwa pesa iliyopotea njia, kwa mfano umekosea namba. Pesa uliyotuma kwa hiari, kwa mtu uliyemkusudia, ni jambo kati yenu wawili, na kampuni ya malipo haina mamlaka ya kuamua nani mkweli. Lakini mahali pa kwenda papo. Kwa maoni yangu, wengi wetu hatupatumii kwa sababu tunadhani kumlalamikia wakili ni lazima uajiri wakili mwingine.

Si lazima. Tume ya Malalamiko ya Mawakili iko chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu, na kazi yake ni kusikiza malalamiko ya wananchi dhidi ya mawakili. Hailipishi. Mengine huisha kwa mapatano, wakili akitakiwa kujieleza na kutoa hesabu ya pesa. Yale mazito hufika mbele ya Jopo la Nidhamu, ambalo linaweza kumtoza faini, kumsimamisha kazi au kufuta jina lake kabisa kwenye orodha ya mawakili.

Ila kabla ya kufika huko, kuna dakika mbili ambazo ningekusihi uzitumie kabla ya kubonyeza PIN. Leseni ya wakili Kenya ni ya mwaka, inaisha Desemba 31. Aliyekuwa halali mwaka juzi anaweza kuwa hana leseni leo. Chama cha Mawakili, LSK, kina mahali kwenye tovuti yake pa kutafuta jina la wakili na kuona hali ya leseni yake. Halafu angalia jina linalotokea kwenye simu kabla hujathibitisha. Kama si la wakili wala la ofisi yake, simama hapo hapo. Pesa za wateja zinafaa kuwekwa kwenye akaunti ya wateja, mbali na pesa za wakili mwenyewe. Ukiambiwa utume kwa namba ya karani "ndio mambo yaharakishwe", kataa kwa heshima na uombe namba ya akaunti ya ofisi.

Najua kuna aibu. Yeye ana suti na kabati la vitabu vikubwa, wewe umetoka Kitale na matatu ya alfajiri. Utaanzaje kumuuliza leseni? Muulize tu. Mwenye leseni hana cha kuficha, na anayekasirika amekupa jibu tayari.

Sasa ushahidi, maana hapa ndipo malalamiko mengi hulegea. Meseji ya malipo inaonyesha kiasi, jina, saa na namba ya muamala. Haisemi ilikuwa ya nini. Wakili anaweza kudai ulikuwa unamlipa deni la zamani, na meseji peke yake haitambishia. Kwa hivyo siku hiyo hiyo omba risiti iliyoandikwa kazi yenyewe. Akichelewa, mwandikie: "Wakili, leo nimetuma 30,000, ni ada ya kuanza kesi ya urithi wa marehemu baba, tafadhali thibitisha." Akijibu "nimepata", umepata karatasi yako. Omba pia taarifa ya miamala yako na uihifadhi kwa barua pepe. Simu huibiwa, na meseji huenda nayo.

Ukiamua kulalamika, mwandikie kwanza wakili mwenyewe na umpe siku ya kujibu. Akinyamaza, barua ya ukurasa mmoja inatosha: nilimpa kazi gani, nilituma lini na kiasi gani, alifanya nini, nataka nini. Andika "tarehe 4 nilituma", usiandike "huyu ni mwizi". Na tafadhali usimwanike Facebook kwanza. Unaweza kujikuta wewe ndiye unayejibu kesi ya kumchafulia jina.

Tume pia ina mipaka yake. Kushindwa kesi si kosa la wakili, na Tume haiwezi kukubadilishia hukumu. Hiyo ni kazi ya rufaa. Kama ugomvi wenu ni kwamba ada ni kubwa mno, kuna utaratibu wa mahakama wa kupima ada hiyo.

Fani nyingine zina walinzi wao pia. Daktari yuko chini ya baraza la KMPDC, na fundi wa kuweka stima nyumbani hupewa leseni na EPRA. Mwendo ni ule ule: leseni kwanza, pesa baadaye, risiti siku hiyo hiyo.

Ukishapeleka barua, omba namba ya faili na uitaje kila unapofuatilia. Na mtu akikupigia akisema anatoka Tume na anahitaji elfu mbili "za kusukuma faili", kata simu.