Mtoto wa Jinsi Tata: Watu na Dawa Kwanza

Mama akijifungua, swali la kwanza la majirani ni, "Wa kike au wa kiume?" Mara chache mkunga humtazama mtoto asiweze kujibu. Huyo ni mtoto mwenye jinsi tata, ambaye wengine humwita huntha. Si laana wala kosa la mama, ndivyo alivyozaliwa.

Wakati mwingine chanzo ni ugonjwa wa tezi zilizo juu ya figo. Mtoto wa kike huzaliwa akifanana na wa kiume, na mwili wake waweza kupoteza chumvi na maji. Katika wiki ya pili au ya tatu hutapika, hulegea, na asipotibiwa hufa, huku watu wakidhani ni homa ya kawaida. Kumbe dawa zipo: haidrokotisoni na fludrokotisoni, vidonge vya kila siku. Zote mbili zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Pungufu letu ni watu na fedha. Mzazi wa Makoko akipewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, husafiri zaidi ya kilometa 200, na nauli ni juu yake. Mabingwa wa homoni za watoto ni wachache. Kituo cha Nairobi cha kuwafundisha madaktari wa Afrika kilianza mwaka 2008 tu. Kenya iliwahesabu watu hawa katika sensa ya mwaka 2019, wakapatikana 1,524. Asiyehesabiwa hakumbukwi katika bajeti.

Wako watakaosema malaria inaua wengi zaidi, basi fedha ziende huko. Tunawaelewa. Lakini kipimo cha chumvi za damu kinachomwokoa mtoto huyu humsaidia pia anayeharisha; na mkunga aliyefundishwa kumchunguza vema mtoto mchanga huwafaa watoto wote.

Kwa hiyo tunashauri: wakunga wa zahanati wafundishwe dalili hizi, hospitali za mikoa ziwe na kipimo hicho na akiba ya dawa, madaktari vijana wapewe nafasi za masomo. Tusijenge wodi mpya zikakosa watumishi. Na upasuaji usiharakishwe ili kuwaridhisha majirani.

Nanyi wazazi, msimfiche mtoto. Mpelekeni hospitali siku ileile. Wiki mbili za aibu zaweza kuwa maisha yake yote.