Jioni Moja Mjini Nairobi

Mkulima wa Runyenjes akifika Nairobi alasiri, naye atarudi kwao alfajiri, asitake kuuona mji mzima: mtaka yote hukosa yote. Kwanza apate malala, aweke mzigo, akate tiketi ya kurudi. Jua huchwa karibu saa kumi na mbili unusu; basi na ashike njia mapema kwenda Moi Avenue, karibu na Jumba la Nyaraka za Taifa. Hapo aitazame sanamu ya Tom Mboya, iliyozinduliwa mwaka 2011, karibu na mahali alipopigwa risasi Julai 5, 1969. Jambo moja lililotazamwa kwa makini hudumu moyoni kuliko majumba kumi yaliyopitwa mbio, na watoto nyumbani watasimuliwa habari yenye maana.