Nani Aliwapa Namba Yako?

Simu ni yako, laini ni yako, bando unanunua mwenyewe. Lakini ikilia, ni kampuni ya kamari inakuahidi bonasi, au ni mkopo ambao hukuomba. Wengine hawana hata haya: Ramadhani, watu wanangojea adhana ya Maghrib, mesej ya kubeti hiyo imeingia.

Ukilalamika utaambiwa, "Si ufute tu?" Kufuta ni rahisi. Swali ni namba yako waliipata wapi. Kila ukiingia jengo mjini unaandika jina, namba ya kitambulisho na ya simu kwenye kitabu cha getini. Umewahi kujiuliza kitabu kile kikijaa kinapelekwa wapi?

Sheria tunayo. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 37, inakataza kutumia data yako kibiashara bila idhini yako ya wazi, ila pale sheria nyingine inaporuhusu na wewe umejulishwa. Kanuni za 2021 zikaongeza kwamba anayekutumia matangazo lazima akupe njia rahisi ya kujitoa. Mesej isiyokuonyesha pa kujitoa ina kasoro tayari.

Kuna jambo wengi wetu hatulijui, nalo ndilo silaha kubwa. Kifungu cha 32 kinasema mzigo wa kuthibitisha kuwa ulikubali uko kwa kampuni. Wewe hutakiwi kuthibitisha kuwa hukukubali. Wao ndio waonyeshe: ulikubali lini, wapi, kwa jambo gani. Kununua viatu mara moja si kukubali kutumiwa mesej maisha yako yote.

Na si maneno matupu. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza Mulla Pride, kampuni ya mikopo ya simu, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba za watu ilizopata kwa wengine, kuwapigia na kuwatumia mesej za vitisho.

Lakini tusidanganyane, sheria ina udhaifu. Faini ya juu ni shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, *ile iliyo ndogo*. Kwa kampuni kubwa ya kamari, milioni 5 ni pesa ya chai! Wabunge wageuze neno moja tu hapo, iwe ile iliyo kubwa.

Kwa sasa tumia iliyopo. Usifute mesej. Piga picha ya skrini, tarehe na jina la mtumaji vionekane. Waandikie uwaulize namba waliipata wapi, uwaambie wakutoe. Wakiendelea, peleka malalamiko Ofisi ya Kamishna wa Data, kwa mdomo au kwa maandishi, tovuti yao ina fomu. Huhitaji wakili. Sheria inawapa siku 90 kuchunguza na kumaliza, na kama umepata hasara unaweza kudai fidia.