Mtambaji Hajawahi Kuwa Peke Yake

Imekuwa ada sasa kusikia kwamba igizo la mtu mmoja ni kitu cha kuja, kwamba limeletwa na wafadhili kwa kuwa kumlipa msanii mmoja ni nafuu kuliko kulipa kundi zima. Ajabu ni kwamba hoja hii hutolewa sana na washairi, ambao ndio waliostahili kuwa wa kwanza kuikana.

Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, aliyachapisha Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi katika kitabu kimoja mwaka 1976. Ni tamthilia za kishairi zilizojengwa juu ya utambaji wa ngano. Mwandishi huyo alikwisha kutupa Kinjeketile mwaka 1969, yenye umati wa watu jukwaani, kwa hiyo hatuwezi kusema alimwendea mtambaji kwa kukosa waigizaji. Alimwendea kwa makusudi. Nasi tumeifanyia nini kazi ile? Tumeigeuza swali la mtihani. Twahesabu sitiari zake darasani, lakini ni wangapi kati yetu, malenga wenzangu, waliowahi kuisikia ikitoka kinywani mwa mtu?

Nayauliza haya kwa sababu ya igizo nililolitazama Kerege, mwendo mfupi tu kutoka mji wa Bagamoyo, ambako chuo cha sanaa, TaSUBa ya leo, kilianza mwaka 1981. Msanii alikuwa hodari wa mwili. Alikuwa mama mjane, alikuwa mwanawe, alikuwa mwenyekiti wa kijiji, alikuwa dalali wa viwanja. Kisa chenyewe kilikuwa cha shamba linalouzwa, na kila aliyekuwapo pale alikifahamu kabla hakijaanza. Tatizo lilikuwa kwamba wote wanne walizungumza Kiswahili kimoja, kile cha taarifa ya habari. Dalali alimwomba mjane “atafakari upya msimamo wake.” Dalali gani huyo? Yule tumjuaye husema: “Mama, mteja yuko njiani, na hela anayo mkononi.” Tuliwatofautisha wahusika kwa kiti: kikiwa kulia ni mama, kikiwa kushoto ni dalali.

Wapenzi wa lugha mtanielewa hapa upesi. Kiswahili hakimtengi mwanamume na mwanamke katika kiambishi cha nafsi. Akaja, akaketi, akalia: ni nani? Kwa mtu aliyesimama peke yake jukwaani, huo ni mtihani mzito, na hauponi kwa kuhamisha kiti. Huponywa na msamiati, na mwendo wa sentensi, na lahaja. Bibi wa Kizaramo aliyekulia Kimrima hapumui mahali anapopumua karani wa wilaya. Mpe mjane mizani fupi zinazokatika, mwache dalali atiririke kwa nathari, na mtazamaji aliyefumba macho atajua nani anasema. Kazi hiyo ni ya mshairi. Simlaumu msanii wa Kerege kwa kuikosa; aliyemwandikia hakuwa na sikio hilo, na wenye sikio walikuwa nyumbani wakigombania vina vya kati.

Nitaambiwa kwamba lahaja zitawachanganya wasikilizaji, kwamba usanifu ndio umetuunganisha. Usanifu umetuunganisha kweli, katika ofisi na vitabu vya shule. Lakini katika hadithi ya shamba la mjane, usanifu uliotandazwa sawasawa kwa wote humpa dalali na mjane nguvu moja, na huo ni uongo.

Jambo jingine lilinikera zaidi. Katikati ya igizo, mama mmoja aliyeketi mbele alimjibu dalali kwa sauti: “Muongo huyo!” Watu wakacheka. Msanii akasimama, akangoja kimya kirudi, kana kwamba ameharibiwa kazi. Lakini mtambaji wetu asemapo “Paukwa!” haanzi mpaka aitikiwe “Pakawa!” Hadhira ndiye mhusika wa pili, na mama yule alikuwa ameingia zamu yake barabara. Dalali alipaswa kumgeukia na kujitetea.

Mrisho Mpoto, kwa ghani na miguu peku, amekwisha kuonyesha kwamba umma husimama kusikiliza maneno. Basi wenye tungo zilizolala makabatini waandike dakika ishirini za kinywa kimoja. Na kabla ya hapo, mmoja wetu aihifadhi Ngao ya Jadi, aende nayo Kerege, Mapinga, Kiromo, asubiri jioni, na mama yule aketishwe mbele.