Mkato Si Mahali pa Kuvutia Pumzi Tu



Nyumba nyingi za huku Rungwe zina mtoto aliyeingia sekondari, ambako masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto huyo ndiye anayeitwa kila barua ya Kiingereza inapotakiwa. Basi leo tutazame alama moja ndogo ambayo watoto huimwaga kama chumvi: mkato.

Wengi wameambiwa kwamba mkato huwekwa pale msomaji anapovuta pumzi. Neno hilo lina ukweli kidogo, lakini halitoshi. Kazi kubwa ya mkato ni kulinda maana.

Kwanza, kumwita mtu. "I know, Father" maana yake ni "Najua, Padre." Ondoa mkato, uandike "I know Father," nawe umesema "Namjua Padre." Maneno ni yale yale, habari ni mbili.

Pili, kueleza kitu. Mzee anagawa mashamba yake, na mjukuu anaandika: "My fields which are near the river are for my daughter." Bila mkato, binti amepewa yale ya karibu na mto tu, ya mlimani si yake. Sasa weka mikato miwili: "My fields, which are near the river, are for my daughter." Hapo binti amepewa mashamba yote, na mto umetajwa kuonyesha yalipo tu. Tazameni ugomvi wa ndugu unavyoweza kuzaliwa!

Msidhani natia chumvi. Huko Marekani, katika jimbo la Maine, madereva wa kupeleka maziwa waliishtaki kampuni ya Oakhurst Dairy, wakidai malipo ya saa za ziada. Sheria ilitaja kazi zisizolipwa ziada, na mwishoni ikasema "packing for shipment or distribution". Je, ni kufungasha tu, kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza? Au kusambaza ni kazi nyingine peke yake? Hapakuwa na mkato baada ya "shipment". Mwaka 2017 mahakama ya rufani iliona maneno hayo hayako wazi, ikayasoma kwa faida ya madereva. Mwaka 2018 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5. Sisi tunaofuga ng'ombe wa maziwa tunajua ni ndoo ngapi hizo.

Tatu, kosa linalotoka katika Kiswahili chetu. Twasema, "Baba anaumwa, siwezi kuja," na ni sawa. Lakini Kiingereza hakikubali "My father is ill, I cannot come." Mkato peke yake hauna nguvu ya kuunga sentensi mbili kamili. Weka nukta, au ongeza neno la kuunga: "My father is ill, so I cannot come."

Nanyi wazazi msiojua Kiingereza, msijitenge. Mtoto akimaliza barua, gusa kila mkato kwa kidole, umwulize: "Huu nikiutoa, maana itageuka namna gani?" Akishindwa kujibu, aende kwa mwalimu wake kabla barua haijatumwa. Na mambo ya urithi yaandikeni kwa Kiswahili, kila shamba kwa jina lake na mipaka yake, ili haki ya mtoto isining'inie kwenye mkato.

Mungu akipenda, tuonane juma lijalo.